Mzigo ukiharibika njiani, nani abebe hasara?

MKULIMA wa Genkuru, wilayani Tarime, akishapakia mazao yake kwenye fuso na gari likaondoka, mara nyingi habari za mzigo huo kwake huishia hapo. Kinachofuata ni simu kutoka sokoni: ndizi zimeiva njiani, magunia mawili hayaonekani, mahindi yameloa, kwa hiyo bei imeshuka.

Habari hiyo inaweza kuwa ya kweli au ya uongo. Tatizo ni kwamba mkulima hana namna ya kuipinga, na dereva hana namna ya kujitetea. Mnunuzi ndiye anayebaki na kauli ya mwisho kwa sababu ndiye aliyeshika fedha.

Katika pengo hilo ndipo vifaa vidogo vya kufuatilia mizigo, vinavyotumia betri kidogo sana, vinapoanza kuwa na maana kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo. Havizuii mzigo kuoza wala kuibwa. Kazi yake ni kuweka kumbukumbu ambayo pande zote zinaweza kuisoma.

Ilianzia forodhani

Teknolojia hii si ngeni Afrika Mashariki. Kwa miaka mingi mamlaka za mapato zilisumbuliwa na bidhaa zilizoandikishwa kuwa zinapita kwenda nchi jirani, kisha zikashushwa njiani na kuuzwa bila kulipiwa ushuru.

Mwaka 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kutumia mfumo mmoja wa kielektroniki, ili kontena litokalo bandari ya Mombasa lifuatiliwe hadi Kampala au Kigali. Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) nayo hufunga vifaa vya aina hiyo kwenye mizigo ya nchi jirani inayopitia bandari ya Dar es Salaam.

Kifaa hufungwa mlangoni mwa kontena kama lakiri. Hupokea mawimbi ya setilaiti, hutambua mahali kilipo, kisha hutuma taarifa kupitia mtandao wa simu. Lori likiacha njia iliyopangwa au lakiri ikikatwa, maofisa hupata tahadhari papo hapo.

Kwa upande wa abiria, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) hufuatilia mwendo wa mabasi ya mikoani kwa vifaa vilivyofungwa ndani ya magari.

Mifumo yote hiyo ina mwenye nguvu nyuma yake. Ya forodha inalinda kodi, na ya mabasi inasimamiwa na sheria. Mkungu wa ndizi wa Tarime hauna anayeufuatilia.

Kwa nini betri ndiyo kiini

Kifaa cha kwenye basi hupata umeme wa gari. Mfanyabiashara mdogo hana gari. Leo anakodi fuso ya huyu, wiki ijayo ya yule, na pengine mzigo hubadilishiwa gari njiani. Kwa hiyo kifaa kinachomfaa ni kile kinachosafiri na mzigo wenyewe, na hicho lazima kijitegemee kwa betri.

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Chukua mfano wa betri yenye uwezo wa milliampea-saa 3,000. Kifaa kikikaa macho muda wote na kutumia milliampea 50, betri hiyo itaisha ndani ya saa 60, yaani siku mbili na nusu.

Kifaa hicho hicho kikilala, kikaamka mara moja kila saa kwa dakika moja na kutumia milliampea 100 katika dakika hiyo, betri ingeweza kufika takriban siku 75. Kiasi kidogo kinacholiwa wakati wa kulala hupunguza muda huo, lakini tofauti inabaki kubwa.

Vifaa bora huongeza ujanja mwingine. Kihisi cha mtikisiko hukiamsha kifaa gari linapoondoka na kukiacha kilale linapoegeshwa. Vipimo hukusanywa na kutumwa kwa mkupuo mmoja badala ya kimoja kimoja.

Jambo hili ni muhimu zaidi katika maeneo yenye vilima kama Tarime. Kila mwenye simu anajua kwamba mtandao ukiwa hafifu chaji huisha upesi, kwa sababu simu inahangaika kutafuta mnara. Kifaa cha mzigo hufanya vivyo hivyo. Kinachofaa ni kile kinachohifadhi vipimo mtandao unapopotea na kuvituma unaporudi.

Kipi kipimwe?

Si kila mzigo unahitaji kila kipimo. Ndizi mbichi hutoa joto na gesi inayoivisha. Zikirundikwa chini ya turubai juani, chache zikianza kuiva huzivuta nyingine. Tena baridi chini ya nyuzi 13 za Selsiasi huharibu ganda lake. Kwake joto na muda wa safari ndiyo mambo makuu.

Kahawa ya Tarime inayopelekwa Moshi, yaliko makao makuu ya Bodi ya Kahawa, ina hatari tofauti. Safari ni ndefu, thamani ya gunia ni kubwa, na unyevu huharibu ubora. Hapo mahali lilipo gari na unyevunyevu ndani ya mzigo ndivyo vya kuangaliwa. Maziwa yanadai joto na saa tu.

Kwa mizigo mingi ya aina hiyo hata laini ya simu haihitajiki. Kuna vifaa vinavyorekodi joto kimya kimya na kusomwa mzigo unapofika. Katika majokofu ya chanjo, Shirika la Afya Duniani limeidhinisha virekodi vinavyotunza kumbukumbu za siku 30 na kufanya kazi zaidi ya mwaka bila kuchajiwa. Kifaa cha namna hiyo ni rahisi zaidi, ingawa hakisemi mzigo uko wapi.

Gharama na mapatano

Kimahesabu, kifaa cha Sh150,000 kikitumika safari 50 huwa kimegharimu Sh3,000 kwa safari, bila kuhesabu vifurushi vya intaneti. Kwa mwenye mikungu kumi hiyo ni mzigo mwingine. Kwa chama cha ushirika au wafanyabiashara watano wanaochangia fuso moja, inabebeka.

Hata hivyo, kifaa bila mapatano ni bure. Kabla ya gari kuondoka, pande zote ziandikiane idadi ya mikungu au magunia, hali ya mzigo, saa ya kuondoka, njia itakayofuatwa, na nani atalipa iwapo vipimo vitaonyesha uzembe. Bila hivyo, rekodi ya joto itaishia kuwa mabishano mapya.

Aidha, kifaa kinaweza kung'olewa na kupakiwa kwenye gari jingine huku mzigo ukienda kwingine. Bodi ya chuma ya gari huweza kuziba mawimbi yake. Kinachotuma taarifa kwa simu kiwe kimeidhinishwa na TCRA, na dereva aambiwe wazi kwamba safari inarekodiwa, kwani tangu mwaka 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Swali kubwa zaidi ni nani atakayeshika taarifa hizo. Zikibaki kwa mnunuzi peke yake, atazitoa zinapomfaa na kuzificha zinapombana, na mkulima atarudi pale pale alipokuwa.

Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika dukani. Sehemu ya hasara hiyo hutokea barabarani, na anayekatwa bei mara nyingi ni yule asiyekuwamo garini. Vyama vya msingi vinaweza kuanza na kifaa kimoja kwenye njia moja ndefu, kwa msimu mmoja, nakala ya rekodi ikibaki chamani. Msimu ujao wakikaa kupanga bei, wataanza na rekodi mezani badala ya kusikiliza simu ya sokoni.