Kinachoshibisha si nyama peke yake

Msomaji, ukipita Kiwanjani hapa Isiolo saa moja asubuhi utakuta watu wamejaa vibandani wakinywa chai yenye sukari nyingi kwa mandazi au chapati. Mtu hula mandazi matatu, akaondoka akijiona ameshiba. Ikifika saa nne tumbo linanguruma na anatafuta mengine. Watu kama hao huja kliniki wakilalamika kwamba wananenepa ilhali hawali chochote cha maana.

Hilo la mwisho ni kweli. Unga mweupe na sukari husagika upesi tumboni. Protini ndiyo hutuliza njaa kwa muda mrefu, kwa sababu huamsha homoni za utumbo zinazoupasha ubongo habari kuwa mwili umetosheka.

Hapo ndipo wengi wetu hukimbilia nyama. Katika mji huu wa wafugaji, mlo usio na nyama hauhesabiwi kuwa mlo, na maharagwe huitwa chakula cha shule ya bweni. Mimi siafiki dharau hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya majaribio kwa vijana 43 wa kiume. Siku moja walilishwa mlo wa maharagwe na njegere, siku nyingine mlo wa nyama ya ndama na nguruwe wenye protini kiasi kile kile. Baada ya mlo wa maharagwe na njegere, walipopewa chakula kingine wale watakavyo, walikula kalori pungufu kwa asilimia 12. Sehemu kubwa ya siri hiyo yadhaniwa kuwa ni nyuzinyuzi, ambazo nyama haina hata chembe. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyochemshwa kina protini gramu 15 hivi, na ndengu haziko mbali.

Maziwa nayo yana habari yake. Katika maziwa ya ng'ombe, asilimia 80 hivi ya protini ni kaseini, ambayo huganda ikikutana na asidi ya tumbo na kushuka polepole. Iliyobaki ni protini ya yale majimaji unayoyaona juu ya mtindi, na hiyo hupita haraka. Utafiti mmoja wa Uingereza wa mwaka 2003 uliona kwamba protini ya majimaji ilipunguza hamu ya kula kuliko kaseini katika dakika 90 za kwanza, ingawa tafiti nyingine hazikuona tofauti hiyo. Maziwa yana zote mbili. Kwa hiyo wewe kijana unayeniuliza habari za makopo ya unga wa protini, kanunue maziwa.

Yale ya ngamia huganda kwa ulaini zaidi, ndiyo maana wengi huyaona mepesi tumboni. Kinachoniudhi ni kwamba kina mama wanaoyapeleka kwa basi hadi Eastleigh, Nairobi, wengi wao hubaki nyumbani na chai ya rangi na anjera. Mama, bakiza kikombe chako na cha watoto kabla mtungi haujapakiwa. Yachemshe kwanza, kwani bruselosi ingali nasi.

Wala usidanganywe na miraa. Huondoa njaa kweli, lakini haikulishi, na soda zinazoandamana nayo ni sukari tupu.

Asubuhi, basi, jaribu yai moja au mawili, au maharagwe yaliyobaki jana, kwa chapati moja badala ya mandazi matatu. Fanya hivyo wiki mbili na uangalie saa unayoanza kuhisi njaa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari wake, na mwenye kisukari anayetumia dawa asiziache kwa kuwa ameanza kunywa maziwa ya ngamia, hata jirani akimwapia kwamba yanaponya.