Mlango wa besiboli Marekani wazidi kuwa mwembamba

KILA mwezi Julai, klabu 30 za Ligi Kuu ya besiboli nchini Marekani hugawana vijana bora wa sekondari na vyuo, zikichagua kwa zamu, raundi baada ya raundi. Hadi mwaka 2019 raundi zilikuwa 40. Tangu 2021 zimekuwa 20. Mwaka huohuo, timu za madaraja ya chini zinazolea chipukizi wa klabu hizo zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120.

Hesabu ya fedha inaeleweka, kwani wengi wa walioitwa mwishoni hawakufika mbali. Lakini jicho la wasaka vipaji hukosea, tena sana. Mwaka 1999 Albert Pujols, akiwa katika chuo cha miaka miwili jijini Kansas City, alitanguliwa na wenzake 401 kabla ya kuchukuliwa na St. Louis Cardinals katika raundi ya 13. Mike Piazza aliitwa raundi ya 62 mwaka 1988, tena kwa fadhila tu: baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, kocha mkuu wa Los Angeles Dodgers. Mwaka 2016 aliingizwa katika jumba la magwiji wa mchezo huo.

Kwa utaratibu wa leo, Pujols angepita. Piazza asingeitwa. Ni kweli kwamba aliyeachwa aweza kusajiliwa akiwa huru. Ila timu za kumpeleka akakomae ndizo hizo zilizopunguzwa.