Bunduki za kale zisiteketezwe zote



 Miaka ya 2022 na 2023 Serikali ilitoa msamaha, kila mara kwa miezi ya Septemba na Oktoba, ili wananchi wenye silaha kinyume cha sheria wazisalimishe bila kushtakiwa. Hatua hiyo naiunga mkono. Lakini silaha zinapoteketezwa, historia yetu nayo huteketea humo humo.

Ziko nchi ambako raia huchagua bunduki ya kale ya jeshi, akainunua ili aitunze na kulengea shabaha. Huko Marekani shirika la Civilian Marksmanship Program limekuwa likiwauzia raia M1 Garand, bunduki ya Vita Kuu ya Pili. Kwetu hilo halifai. Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo Tanzania ilitia sahihi, inakataza raia kumiliki bunduki zinazojipakia zenyewe. Sababu inaeleweka. SAR, ambayo waliopitia JKT wanaifahamu, hubeba risasi kumi, na kila ukivuta kifyatulio hutoka moja bila kukoki tena. Gobore hushindiliwa baruti kwa mdomo. Likilia mara moja huna budi kuanza upya. Mwenye gobore akishikwa na hasira hupata muda wa kufikiri. Mwenye SAR hana.

Tena, bunduki ya bei nafuu si nafuu. Gobore hula baruti na vipande vya chuma, lakini SAR hudai risasi za kiwandani. Mwananchi wa kijijini atazipata wapi kama si kwa magendo?

Kwa hiyo anayepaswa kukusanya bunduki za kale ni Taifa, wala halitahitaji kununua hata moja, maana zinasalimishwa bure. Kazi iliyobaki ni kuchagua. Kwa hapa Tabora napendekeza aina tatu.

Kwanza, gobore. Lilipanda na misafara kutoka pwani, likabadilishwa kwa pembe za ndovu, likawa nguvu ya Mtemi Mirambo na rugaruga wake. Mtemi Isike naye alipigana na Wajerumani hadi Januari 1893, alipolipua ghala la baruti ndani ya boma lake akikataa kukamatwa.

Pili, Mauser ya mwaka 1871, waliyobeba askari wengi wa Wajerumani. Ilitoa wingu la moshi kila ilipolia, ikamfichua mpigaji. Mji wetu ulitekwa na majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo tarehe 19 Septemba 1916.

Tatu, SAR yenyewe. Iliundwa na Mrusi Simonov, ikatengenezwa pia na Wachina, na wapiganaji wa FRELIMO, waliokuwa na kambi Kongwa na Nachingwea, waliitumia kuikomboa Msumbiji.

Nashauri kabla ya kuteketeza silaha, afisa wa makumbusho aitwe achague chache. Pini itolewe, mtutu uzibwe kwa kuchomelewa, kisha ziwekwe katika Tembe la Livingstone pale Kwihara. Aliyesalimisha aulizwe asili ya bunduki yake, na maelezo yake yasitumiwe kumshtaki.

Faida ni mbili. Nikifundisha habari za Isike, wanafunzi huniuliza gobore lilikuwaje, nami huishia kuchora ubaoni. Wangeliona kwa macho yao. Pili, wako wazee wanaoficha gobore la babu, si kwa nia mbaya, bali kwa sababu ni urithi wa ukoo na hawataki liishie motoni. Mzee wa namna hiyo akijua kwamba litatunzwa pamoja na jina la ukoo wake, atalitoa mwenyewe bila kusakwa, na kijiji kitalala salama.

Naviomba vyombo vinavyohusika vilifikirie jambo hili kabla ya msamaha mwingine.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Isevya, Tabora.