Masikio ya Punda na Shimo la Panya



Bila shaka unakijua kisa cha kima na papa. Kima anakaa juu ya mkuyu kando ya bahari. Kila siku anamtupia papa matunda, nao wanakuwa marafiki. Siku moja papa anamwalika kima kwao na kumbeba mgongoni. Wakiwa katikati ya bahari, anamwambia ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Papa anamrudisha akauchukue. Kima anapanda juu, wala hashuki tena.

Papa anapombembeleza, kima anamsimulia habari za punda wa dobi. Punda huyo aliitwa na sungura aende kwa simba. Simba alimrukia, punda akakimbia na majeraha yake. Sungura akamfuata tena kwa maneno matamu. Punda akarudi, akauawa. Simba alipotaka moyo na masikio, sungura alikuwa amekwisha kuvila. Akajibu kwamba punda huyu hakuwa navyo. Angekuwa navyo, angerudi mara ya pili?

Ninyi wa Mikumi, mnaopakana na hifadhi ya wanyama tangu mwaka 1964, hamna haja ya kuelezwa simba ni nani.

Kisa hiki kilisimuliwa Unguja, na Askofu Edward Steere akakipiga chapa katika kitabu mwaka 1870. Lakini hakikuzaliwa Unguja. Hata neno dobi lilitoka Bara Hindi, na kisa chenyewe pia. Kimo katika kitabu cha kale cha lugha ya Kisanskriti kiitwacho Panchatantra, yaani mafundisho matano. Inasemekana mzee mmoja, Vishnusharman, alikitunga ili awafundishe wana watatu wa mfalme waliokuwa wajinga kabisa. Aliahidi kuwaerevusha kwa miezi sita. (Sisi tulio katika kisomo tunajua kwamba miezi sita ni michache!)

Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita kitabu hicho kilifasiriwa Uajemi. Karne ya 8 Ibn al-Muqaffa akakitia katika Kiarabu. Kule Hindi rafiki mbaya alikuwa mamba. Kwa Waarabu akawa kobe. Kwetu pwani akawa papa. Na mbweha wao akawa sungura wetu.

Katika kitabu hicho wanyama hawasemi maneno ya kawaida tu. Likifika jambo zito, husema beti. Ubeti wa Kisanskriti unaotumika zaidi una vipande vinne, na kila kipande kina mizani nane. Hesabu kwa vidole, utapata 32. Sasa hesabu ubeti wa utenzi wetu. Utapata 32 vilevile. Sisemi kwamba huu ulitoka kwa ule. Nasema kwamba kipimo hicho hukaa vizuri kichwani, hata kwa mtu asiyejua kusoma.

Basi, beti hizo zinatufundisha nini? Watu wengi hutoa kisa cha papa maana moja tu: usimwamini asiye wa kwenu. Mimi sikubali. Papa hakuwa mgeni. Alikuwa rafiki wa siku nyingi. Na punda hakufa kwa sababu alimwamini mgeni. Alikufa kwa sababu aliona makucha kwa macho yake, kisha akasahau.

Nasema hivi kwa sababu hapa Kilosa maana ile mbaya imekwisha kutuumiza. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni. Tangu hapo ugomvi umezuka tena mara kadhaa. Ng'ombe wameingia shambani, mahindi yameliwa, mikuki na mapanga yametoka. Kila upande una watoto wanaofundishwa kwamba wale wengine ni papa. Mtoto aliyelelewa hivyo atakuwa jirani wa namna gani?

Panchatantra ina hadithi nyingine, na ni afadhali tuisimulie pamoja na ile ya kwanza. Kunguru alitaka urafiki na panya. Panya akakataa. Alisema, wewe unakula wenzangu, tutakuwaje marafiki? Alikuwa na haki ya kuogopa. Kunguru hakukasirika, wala hakuondoka. Alimwambia panya, kaa humo humo ndani ya shimo lako, na tuzungumze mlangoni. Panya akakubali hilo. Wakazungumza siku nyingi, wakapeana chakula kidogo kidogo. Mwishowe panya akatoka.

Hebu fikiri juu ya shimo lile. Panya hakufanya kama punda, kutoka mbio kwa maneno matamu. Tena hakuziba shimo.

Sisi nasi tunao mlango wa namna hiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka Baraza la Ardhi la Kijiji. Wajumbe wake ni saba, na watatu kati yao ni wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Lakini mara nyingi baraza huitwa wakati mahindi yamekwisha kuliwa au mtu amekwisha kujeruhiwa. Kwa nini lisikae mapema, kabla ya mifugo kushuka kutafuta maji? Njia ya ng'ombe itajwe, mpaka wa shamba utajwe, yaandikwe, na kila upande usome wenyewe kabla ya kutia sahihi. Safari hii mwenye kusoma asikubali kuweka dole gumba.

Nimalizie hadithi. Baadaye panya na kunguru walipata rafiki wawili zaidi, kobe na paa. Siku moja mwindaji alimkamata kobe, akamfunga kamba, akaondoka naye. Paa akalala kando ya maji kama mzoga, kunguru akakaa kichwani pake akijifanya anamdonoa macho. Mwindaji alipomwona paa, alimtupa kobe chini, akakimbilia nyama kubwa. Hapo panya akaja, akazikata kamba kwa meno yake.