Mpira Tumepewa, Filimbi Bado

Haya tunayasema kwa pamoja, sie wazazi wenye watoto wa kike vyuoni, sie tuliomaliza chuo juzi, na sie tuliocheza zamani ambao sasa magoti yanatuuma tukipanda ngazi. Tumeyasema Darajani tukisubiri gari, tumeyasema harusini, tumeyasema hata msibani tukikatakata mboga. Hakuna aliyetwambia kuwa tunasema uongo. Wala hakuna aliyebadilisha kitu.

Lawama yetu ni moja. Katika vyuo vya Unguja wasichana wamejaa madarasani, lakini kiwanjani wanaitwa pale mashindano yanapokaribia tu. Na kwenye meza inayopanga ratiba, inayogawa fedha na kuchagua kocha, tunawatafuta hatuwaoni. Akiwepo mmoja, kazi yake ni kuandika kumbukumbu za kikao.

Hatusahau tulikotoka. Mama zetu waliotaka shahada walilazimika kuvuka bahari, kwenda Dar es Salaam au mbali zaidi, na wengi wao hawakuruhusiwa kuvuka. Mwaka 1998 vikafunguliwa Zanzibar University kule Tunguu na chuo cha ualimu cha Chukwani, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Abdulrahman Al-Sumait. Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kiliundwa kwa sheria ya 1999 na kikaanza kufundisha 2001. Tangu hapo mtoto wa Fuoni, wa Mwera au wa Bububu anasoma chuo kikuu na jioni analala kwao. Hili ni jambo kubwa na tunalishukuru. Ndiyo maana linatuuma kuona mlango uliofunguliwa darasani umeachwa umefungwa kiwanjani.

Anzeni kwa saa. Jua la Unguja linazama saa kumi na mbili na dakika zake, masika kiangazi. Alasiri inaswaliwa kabla ya saa kumi, vipindi vinakwisha kama saa kumi. Wakati wa mazoezi uliobaki ni saa mbili hivi, basi. Nani anakichukua kiwanja katika saa mbili hizo? Wanaume. Wasichana wanaambiwa wasubiri wenzao wamalize. Wakimaliza, adhana ya Magharibi inakaribia, na binti wa Tunguu anatakiwa awe ameshapanda daladala, kwa sababu kule nyumbani kuna mzazi amesimama mlangoni na kuna chungu kinamngojea. Mvulana akifika saa mbili usiku haulizwi. Kisha mwisho wa mwaka mtu anasimama mbele ya kipaza sauti kusema wasichana hawana mwamko wa michezo. Mwamko wanao. Wamenyimwa saa.

Halafu mashindano yanatangazwa. Wiki mbili kabla, mtu anapita madarasani kuuliza nani anajua netiboli, nani alicheza mpira skuli, nani anaweza kukimbia. Jezi zinaazimwa kutoka timu ya wanaume, zinawapwaya. Wanacheza, wanafungwa mabao mengi, picha zinapigwa, na timu inavunjika hapo hapo mpaka mwakani. Timu ya wasichana imekuwa kama vyombo vya kabatini, vinavyotolewa mgeni akija na kurudishwa akiondoka. Mtoto aliyecheza vizuri UMISSETA, michezo ya skuli za sekondari, akang'ara, anafika chuoni na kipaji chake kinalala miaka mitatu. Tunawajua wengi wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye neno ambalo kila tukilalamika tunarushiwa usoni: stara.

Sie ni Waislamu, na stara tunaitaka kuliko hao wanaotuhubiria. Lakini tunauliza jambo la akili. Ikiwa wasiwasi ni stara ya binti, mbona mwalimu wa mazoezi anayempangia ni mwanamme? Mbona anayemnyoosha misuli na kumfunga bandeji ni mwanamme? Timu inapopanda boti kwenda Pemba au Dar es Salaam, ikalala kwenye madarasa ya skuli kwa siku kadhaa, mbona viongozi wa msafara wote ni wanaume, na binti akiingia siku zake hana wa kumwambia isipokuwa mwenziwe aliye mtoto kama yeye? Baba mwenye busara akimzuia mwanawe asisafiri katika hali hiyo, sisi hatumlaumu hata kidogo. Lawama tunaipeleka kwa aliyepanga safari bila kumweka mwanamke mzima wa kuwajibika.

Hapo ndipo hoja inapowageukia. Wanaotumia stara kuwazuia mabinti wasicheze ndio hao hao wanaokataa kuwapa wanawake uongozi wa michezo, na uongozi wa wanawake ndio ungeilinda stara hiyo. Mleteni kocha mwanamke, daktari wa timu mwanamke, mkuu wa msafara mwanamke, kisha mje kutuomba ruhusa. Mtaona wazazi wangapi watakataa.

Na nguo isiwe kisingizio tena. Sheria za mpira wa miguu zinaruhusu hijabu tangu 2014, na mpira wa kikapu tangu 2017. Binti anacheza na suruali ndefu, mikono mirefu na kitambaa kichwani, hakuna refa wa kumtoa. Huko Nungwi na vijiji vya jirani wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamejisitiri mwili mzima, na picha zao zilizopigwa na mpiga picha Anna Boyiazis mwaka 2016 zikashinda tuzo ya World Press Photo. Dunia iliziona. Bahari ile ile imezunguka vyuo vyetu, na bado mwanafunzi anaweza kumaliza shahada hajui kuelea.

Wala watu wa Unguja hawachukii mwanamke anayefanya mazoezi. Asubuhi ya tarehe 1 Januari, Siku ya Mazoezi, tazameni barabara za mjini mpaka uwanja wa Amaan. Vikundi vya mazoezi vinapita kwa maelfu, na humo mmejaa akina mama wenye mitandio na raba, wengine na wajukuu wao, wakiimba. Viongozi wa serikali wanatembea mbele yao. Hakuna anayepiga kelele kuwa dini imevunjwa. Kwa hiyo tusiambiwe jamii haijawa tayari.

Tuna historia pia, na inatusikitisha kuona wanafunzi wa leo hawaijui. Women Fighters ilianzishwa 1988, timu ya wanawake wa Zanzibar waliocheza mpira wa miguu wakati ambapo kufanya hivyo kulikuwa kujitafutia matusi. Waliitwa wahuni. Wengine waliachishwa na waume, wengine na wazazi. Nahodha wao, Nassra Juma Mohammed, hakuacha. Florence Ayisi, mtengenezaji filamu kutoka Cameroon, akawatengenezea filamu ya Zanzibar Soccer Queens mwaka 2007, na akarudi na nyengine mwaka 2016. Nassra alitoka kwenye unahodha akawa kocha, akafundisha wasichana wa hapa, akafika kuifundisha hata Twiga Stars, timu ya taifa ya Tanzania. Mwanamke huyo ni wa mji huu huu. Swali letu kwa vyuo vyote vya kisiwa hiki: kwa miaka yote hiyo, mmewaandaa wanawake wangapi kushika njia yake? Mna kozi ya ualimu wa michezo inayomlenga msichana? Mna nafasi ya ajira kwa ajili yake? Tunasikia kimya.

Klabu zimejitahidi kuliko vyuo, na hili tunalisema bila kuficha. Netiboli ya wanawake imeshikiliwa na timu za vikosi, JKU, KVZ, Mafunzo, ambako binti anapata ajira, chakula na mazoezi ya kila siku. Katika mpira wa miguu, New Generation Queens, Warriors Queens na JKU Princess zimekwenda kuiwakilisha Zanzibar kwenye michuano ya CECAFA ya kutafuta nafasi ya Ligi ya Mabingwa ya wanawake Afrika. Lakini mtoto asiyetaka kuwa askari afanye nini? Anayetaka kusoma udaktari au uhasibu na huku anacheza? Chuo ndicho kilichopaswa kumbeba huyo.

Tunaambiwa fedha hakuna. Agosti 2025 tulikaa Amaan tukatazama mechi za CHAN, kwenye uwanja uliojengwa upya na kufunguliwa Disemba 2023. Tulifurahi, tulishangilia, tulijisikia sote ni wenyeji. Na tunajua AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa hiyo fedha za michezo zipo katika nchi hii. Sehemu ndogo tu ya fedha hizo ingetosha kuzungushia ukuta kiwanja cha kila chuo, kujenga chumba cha kubadilishia nguo chenye maji na mlango unaofungika, na kukodi gari ya kuwarudisha wasichana makwao kabla ya Magharibi. Hayo si mambo ya anasa.

Wala tusitulizwe kwa kuonyeshwa wakubwa. Rais wa Muungano ni mama, mwenyeji wa Kizimkazi. Tabia Maulid Mwita aliwahi kuwa waziri wa michezo wa Zanzibar wakati Lela Muhamed Mussa akiwa waziri wa elimu, wanawake wote wawili. Tunajivunia. Lakini waziri hapangi nani anatumia kiwanja Jumanne jioni. Anayepanga ni afisa michezo wa chuo na kamati yake, na huko chini ndiko tulikokwama.

Nje ya hapa kuna ya kujifunza, mazuri na ya tahadhari. Marekani ilitunga sheria mwaka 1972 kuzuia ubaguzi wa kijinsia katika elimu, na michezo ya wanawake vyuoni ikakua ajabu. Lakini kabla ya sheria hiyo, timu za wanawake zaidi ya tisa katika kumi zilifundishwa na wanawake. Fedha zilipoingia, kazi ikawa na mshahara mzuri, wanaume wakaja kuichukua, na leo wanawake wanaofundisha timu hizo hawafiki nusu. Tunalitaja hili makusudi. Siku Zanzibar itakapoweka fedha kwenye michezo ya wasichana wa vyuo bila kuweka pia nafasi ya wanawake kwenye uongozi, fedha hizo zitaishia mikononi mwa wanaume.

Jirani zetu Waganda wametutangulia. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Makerere kilipokea mashindano ya dunia ya netiboli ya vyuo vikuu, na Uganda ikachukua ubingwa. Mwanamke wao, Penninah Kabenge, amekaa katika kamati tendaji ya FISU, shirikisho la michezo ya vyuo vikuu duniani. Rwanda nayo ilimtoa Salima Mukansanga, aliyesomea uuguzi chuoni na Januari 2022 akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume akiwa refa wa kati. Netiboli ndio mchezo wetu, mabinti wa Unguja wanaujua tangu skuli za msingi. Kilichowapandisha Waganda ni chuo kilichoamua.

Basi tunachotaka kisemwe wazi. Kila chuo cha Unguja kitenge siku mbili kwa wiki, baada ya Alasiri, ambazo kiwanja ni cha wasichana na hakuna wa kuwatoa. Kiajiri afisa michezo mwanamke mwenye mamlaka juu ya fungu lake la fedha, asiwe msaidizi wa mtu. Kamati ya michezo iwe nusu wanawake, wachaguliwe na wanafunzi wenyewe. Timu ya wasichana isisafiri hata Pemba bila mkuu wa msafara mwanamke. Baraza la Taifa la Michezo liwape kipaumbele wasichana wa vyuo kwenye kozi za ukocha na urefa, na vyuo viwalipie.

Na nyinyi wazazi wenzetu, msituachie sisi peke yetu. Mwanenu akipokelewa chuo mwaka huu, siku ya kumpeleka msiulize ada na bweni tu. Ulizeni kiwanja ni cha nani saa kumi jioni, na nani anashika filimbi. Mkijibiwa kwa maneno ya juu juu, ulizeni tena mbele ya wazazi wengine, na msiondoke mpaka mtajiwe jina la mwanamke anayehusika.