Hiyo Gajeti Haikutoi Kazini

Wasee, tuambiane ukweli. Mwaka jana nilikuwa najibu simu za wateja masaa kumi kwa siku, na kazi ilikuwa imenichosha roho. Nikajituliza na vitu vya Luthuli: leo spika, kesho saa ya kuhesabu hatua, na mimi nashinda nimekaa! Halafu nikachukua simu ya lipa mdogo mdogo. Ukikosa kulipa, inajifunga. Nikitaka kuacha kazi, siwezi: nina deni la simu niliyonunua ili nisahau kazi. Unaona ujinga?

Kilichonisaidia ni gitaa kuukuu la binamu yangu. Silipigi vizuri. Silirekodi, na mimi ni mtu wa kontenti. Ati nianze kulitafutia pesa? Zii. Bosi ashachukua mchana. Jioni ni yangu, haiuzwi.