Picha za Sayari Si Urithi wa Maabara

Katika vyuo na ofisi zetu imezoeleka dhana kwamba aliyekusanya taarifa ndiye mwenye taarifa, na aliyelipia gharama hana neno. Nataka kuipinga dhana hiyo kwa mfano ulio mbali na madawati yetu: picha zinazopigwa na vyombo vinavyotumwa kwenye sayari nyingine. Mfano ni wa mbali, lakini ugonjwa tunaufahamu vizuri.

Agosti 2014, chombo Rosetta cha Shirika la Anga la Ulaya kilifika kwenye nyotamkia 67P baada ya safari ya miaka 10. Gharama zilitoka kwa walipa kodi wa Ulaya. Hata hivyo, kamera yake kuu ya kisayansi, OSIRIS, ilikuwa mikononi mwa timu iliyoongozwa na taasisi moja ya Max Planck nchini Ujerumani, na kanuni ziliwapa watafiti hao miezi 6 ya kuwa na picha peke yao kabla ya kuziweka hadharani. Umma ukagawiwa picha chache zilizoteuliwa, pamoja na zile za kamera ya kuongozea chombo. Hifadhi nzima ya OSIRIS, karibu picha 70,000, ilikamilika kufunguliwa mwaka 2018, ilhali Rosetta ilikwisha kumaliza kazi Septemba 2016.

Mwaka huohuo wa 2018, mtu asiyekuwa katika timu alichukua hifadhini picha zilizopigwa 2016, akaziunganisha zikawa filamu ya sekunde chache. Ndani yake linaonekana genge la nyotamkia, vumbi likipeperuka mfano wa theluji, na nyota zikishuka nyuma yake. Watu wengi duniani waliiona nyotamkia ikiwa hai kwa mara ya kwanza. Picha zile zilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuzitazama.

Watetezi wa zuio wana hoja, wala si ya kubezwa. Mtafiti hutoa miaka 20 ya ujana wake kuunda kamera. Je, ni haki aliyekaa pembeni achukue picha na kuchapisha makala kabla yake? Jibu tunalipata Mirihi. Mwaka 2004, timu ya Steve Squyres iliweka mtandaoni picha ghafi za Spirit na Opportunity kadiri zilivyokuwa zikiwasili duniani. Makala za msingi za safari zile ziliandikwa na timu hiyohiyo, kwa kuwa wao ndio walioijua kamera yao na maswali waliyoendea. Chombo Juno, kilichofika Mshtarii mwaka 2016, kilikwenda mbali zaidi: kamera yake, JunoCam, iliwekwa kwa ajili ya umma, na picha nyingi maarufu za mawingu ya sayari ile zimesafishwa na watu wa kawaida. Jasho la mtafiti hulipwa kwa kumtaja jina na kuinukuu kazi yake. Kufuli si malipo.

Tena, mwenye picha hajui kila kilichomo ndani yake. Machi 1979, Linda Morabito, mhandisi wa kuongoza mwelekeo wa Voyager 1, aliing'arisha picha ya Io, mwezi wa Mshtarii, akitafuta nyota za kupimia njia ya chombo. Akaona wingu limechomoza ukingoni mwa mwezi ule. Ilikuwa volkano hai, ya kwanza kuonekana nje ya Dunia yetu. Na Machi 2023, Robert Herrick na mwenzake walitangaza kwamba picha za rada za Magellan, zilizopigwa mwaka 1991, zinaonyesha tundu la volkano ya Zuhura likibadilika umbo ndani ya miezi 8. Picha hizo zilikaa miaka 32 zikimsubiri mtu mwenye subira ya kuzilinganisha. Angewezaje kuzilinganisha kama zingekuwa kabatini mwa profesa aliyekwisha kustaafu?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kanda za sumaku za vyombo vya Lunar Orbiter, vilivyopiga picha Mwezi mwaka 1966 na 1967, zilinusurika kwa sababu mtunza nyaraka mmoja, Nancy Evans, alikataa zisitupwe. Mashine za kuzisomea zilikaa miaka mingi katika gereji yake. Novemba 2008, wahandisi waliozifufua walitoa upya picha ya Dunia ikichomoza juu ya Mwezi, safi kuliko ilivyowahi kuonekana. Kanda za awali za matangazo ya Apollo 11 hazikupata mtetezi kama huyo. Uchunguzi wa NASA wa mwaka 2009 ulihitimisha kwamba yaelekea zilifutwa na kutumiwa tena. Ikiwa taifa tajiri kuliko yote limefuta kumbukumbu ya siku yake kubwa ili kuokoa kanda, sisi tunajiamini kwa lipi?

Swali hili limekwisha kufika kwetu. Aprili 2023 Kenya ilirusha Taifa-1, setilaiti ya kupiga picha za ardhi, na nchi jirani nazo zina ndoto kama hiyo. Watumishi wa umma wanaosoma hapa ndio watakaoandika kanuni. Nawaomba waandike mambo matatu kabla ya setilaiti kurushwa: tarehe ambayo kila picha itafunguliwa, ofisi itakayowajibika kuitunza miaka 50 baadaye, na lugha ya maelezo yake, Kiswahili kikiwemo. Wanafunzi na wanaharakati nawaomba wadai kuziona kanuni hizo sasa, zikiwa bado rasimu.